Karatasi ya Mtu wa Kumi na Tisa

4 Februari

Dada Kipimo,

Shikamoo. Nianze kwa kukuuliza hali, na unijibu kweli, si ile "tunaendelea" yako. Mwanao ameniandikia kwamba moyo umeanza kukuchosha, na kwamba ngazi za nyumbani unazipanda kwa awamu mbili, katikati unakaa kitini kama abiria anayesubiri kubadilisha gari. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Amepewa kazi ya kushona mapazia ya shule nzima, na nyumba imejaa nyuzi za kijani, mpaka kwenye magurudumu ya kiti changu. Binti yetu anamsaidia kukata. Mimi miguu ilishastaafu kama unavyojua, mkono wa kushoto unataka kuifuata, huu wa kulia bado mtiifu. Naandika kwa kidole kimoja kwenye kompyuta ya binti. Ningepiga simu, lakini tangu masikio yako yagome, kila tukiongea mimi nawapigia kelele majirani na wewe unaitikia "amina".

Sasa shida yangu. Hospitali ninakohudhuria pana utafiti juu ya wenye ugonjwa wetu huu wa sklerosisi, ambao mimi huuita Mchunaji, kwa sababu daktari alinieleza kuwa unachuna ngozi ya neva kama panya anavyochuna waya. Wanataka kujua mambo mawili, na kama yanahusiana: tabia ya mgonjwa, na jinsi ubongo wake unavyojibu kwa umeme anapoona au kusikia kitu. Tabia wanaipima kwa maswali. Umeme wanaupima kwa kofia ya waya, kazi yako ile ile. Nilipomwambia mtafiti kwamba dada yangu alikuwa mkuu wa chumba cha vipimo vya ubongo, alinitazama kama vile nimemwambia kwamba dada yangu ndiye aliyegundua moto.

Kuna fomu nimeiambatisha. Hii hujazwa na ndugu aliyemjua mgonjwa kabla hajaugua. Baba na mama hawapo, umebaki wewe. Swali la kwanza linataka tarehe: mabadiliko ya mwanzo yalionekana lini. Yanayofuata yanauliza nilikuwa mtu wa namna gani, mvivu au mchapakazi, mpole au mkali. Wanaipokea mpaka mwisho wa Juni.

Nakuomba usijaze kwa huruma. Nimejiunga na utafiti huu kwa sababu ya swali langu mwenyewe. Siku ile ya kikao, waliponitoa nyumbani kwa uzembe na ulevi, nilikuwa na miaka thelathini na moja. Ugonjwa ulijulikana miaka tisa baadaye. Nataka kujua aliyetolewa siku ile alikuwa ni mimi au ni ugonjwa. Aliyebaki wa kunipimia hilo ni wewe.

Mdogo wako,
Baadaye

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka nilipoona ulivyotia sahihi. Ulikuwa na miaka sita, ukitumwa maji unasema "baadaye", ukiitwa kula unasema "baadaye", jina likakuganda. Sikujua kwamba mpaka leo unalivaa.

Moyo upo, unapiga, unapumzika kidogo, unakumbuka kazi yake, unapiga tena. Mpwa wako ananipa vidonge saba kila asubuhi na kunisimamia mpaka nimeze, kama askari. Amepaka sebule rangi ya maziwa. Paka wa jirani amezaa chini ya tangi letu la maji na sasa tuna wapangaji watano wasiolipa. Mwambie wifi nyuzi za kijani zinatoka kwenye magurudumu kwa kisu cha kufungulia barua.

Kuhusu kofia ya waya: mwambie huyo mtafiti akusugue ngozi ya kichwa sawasawa kabla ya kubandika. Ngozi chafu huandika uongo. Na usitafune kitu wala usikaze meno wakati wa kipimo, maana misuli ya taya ina umeme mkubwa kuliko wa mawazo. Wagonjwa wangu wengi niliwadhania wana kifafa, kumbe wana pipi.

Fomu nimeianza. Maswali ya tabia yako mengi na mengine yamekaa kama ya kumtafutia mtu mchumba. La kwanza, hili la tarehe, nimeliweka kando. Kwa umri wangu kumbukumbu ni kama droo ya jikoni, unatafuta kijiko unatoka na kamba. Nipe muda.

Ule mboga. Nakusalimuni nyote.

Dada yako

19 Machi

Dada Kipimo,

Shikamoo tena. Huku wote wazima. Mapazia yamekwisha, mkuu wa shule ameyakubali, wifi yako sasa anatafuta nyumba yake iko wapi chini ya vitambaa. Niliteleza bafuni wiki iliyopita, sikuumia, ila nimevunja ndoo. Usimwambie mwanao, atakuja na vidonge.

Nimepimwa. Nilimwambia mtafiti anisugue vizuri, akanisugua mpaka nikajuta kukusikiliza. Kisha nikakaa, na milio ikaanza masikioni: mizito mingi, na mara mojamoja mwembamba. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu ile myembamba na kuipuuza mizito. Nikahesabu arobaini na mbili. Ilikuwa arobaini. Mtafiti akanionyesha kwenye skrini: kila mlio mwembamba unapolia, ubongo unarusha wimbi, kama mtu anayeinua mkono darasani. Akasema, "Wimbi lako linachelewa, mzee, lakini linafika." Nikamwambia hilo ndilo jina langu la nyumbani. Hakuelewa. Nimecheka peke yangu mpaka kwenye lifti.

Jambo moja. Ameniuliza kama niliwahi kupimwa kitu chochote cha namna hii zamani, kabla ya ugonjwa kujulikana. Nikasema hapana, halafu nikiwa njiani nikakumbuka. Wewe uliwahi kunipima. Chumbani kwenu, mlikuwa na mashine mpya ya macho, ukanibandika waya kisogoni na kuninunulia soda ya chungwa. Ilikuwa mwaka ule ule wa kikao, sivyo? Majibu yake yalikuwaje? Kama karatasi ipo popote, mtafiti anasema kwake ni dhahabu.

Fomu bado inapumzika?

Baadaye

30 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia hukuumia. Weka mpira sakafuni bafuni.

Ile karatasi haipo. Yalikuwa majaribio tu ya kuizoea mashine. Chumba kilipohamishwa masanduku yaliliwa na mchwa. Mwambie mtafiti asipoteze muda.

Sisi wazima. Paka wamefumbua macho.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako fupi nimeisoma mara nne, ndiyo maana nimechelewa kujibu, ukiacha sababu ile ya kawaida.

Chumba chenu kilikuwa ghorofa ya tatu, sakafu ya saruji, makabati ya chuma. Mchwa hao walipanda lifti?

Sikuulizi tena kuhusu karatasi. Ila kwa kuwa huendi popote na mimi siendi popote, nikusimulie kitu ambacho sikuwahi kukisema vizuri. Unajua nilifukuzwa kazi ya kuchora ramani kwa sababu ya mpaka wa viwanja viwili. Sheria ya ofisi: mpaka halali unachorwa kwa wino mwekundu, mpaka wenye mgogoro kwa kahawia. Mimi nikachora kwa kahawia mpaka ambao haukuwa na ugomvi wowote, na majirani waliokuwa wakipeana chumvi kwa miaka ishirini wakaanza kushikana mashati. Bosi akaniita. "Kijana, huoni rangi, au hujali?" Nikasema samahani. Chupa ile ya wino, nilipoinyanyua, niliona ni nyekundu.

Kisha miguu ikaanza kuyumba, na ukiyumba saa nne asubuhi watu hawana haja ya kuuliza. Baba alikufa miaka sita baada ya kikao akiamini mwanawe ni mlevi. Nilikuwa nje ya geti siku ya mazishi. Mjomba alikuja kuniambia nisubiri watu wapungue. Nikasubiri.

Sikulaumu, dada. Nataka tu fomu ijazwe na mtu ambaye hadanganyi. Katika ukoo wetu mtu huyo siku zote alikuwa wewe.

Wifi anauliza kama umepata ile shali aliyokutumia.

Mdogo wako

8 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Usishtuke kuona mwandiko umelala. Nilikuwa hospitali siku kumi na sita, nimerudi jana. Daktari, kijana mpole, alivuta kiti akakaa, nami nikajua, maana hawakai wanapokuwa na habari njema. Akasema moyo umechoka na dawa zimefika mwisho wa uwezo wake. Nikamuuliza muda gani. "Wiki, mama. Labda miezi michache." Nimefanya kazi hospitalini miaka thelathini na moja, ile "labda" aliniwekea kama mto wa kuegemea. Mpwa wako ameleta kitanda changu sebuleni karibu na dirisha, kwa hiyo suala la ngazi limekwisha. Naona kamba ya nguo na paka watano, wakubwa sasa. Shali niliipata, ninayo mabegani. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Mchwa hawakupanda lifti. Karatasi ninayo. Imo ndani ya bahasha, kati ya cheti changu cha kazi na picha ya mama, na imekuwa hapo tangu nilipostaafu. Kabla ya hapo ilikuwa katika droo yangu ya kazini, inayofungwa kwa ufunguo.

Ulikuja Alhamisi, tarehe kumi na moja Agosti. Agosti hii itatimia miaka thelathini na nne. Nilikuwa nimepewa ukuu wa chumba mwezi ule ule, mwanamke wa kwanza, na mashine mpya ya macho ilikuwa kama mtoto wangu. Kabla ya kumpima mgonjwa yeyote ilikuwa lazima tupate vipimo vya watu wazima thelathini wenye afya, katika chumba kile kile na kwa mwanga ule ule, ili mgonjwa alinganishwe na watu wetu na si watu wa kitabuni. Tuliwachukua wauguzi, madereva, ndugu. Wewe ulikuwa mtu wa kumi na tisa.

Unakumbuka ile skrini, miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti, inabadilishana. Unaitazama kwa jicho moja, na ubongo unajibu kwa wimbi moja zuri baada ya muda unaokaribia sehemu mia moja kati ya elfu moja za sekunde. Jicho lako la kushoto, mia moja na moja. Jicho la kulia, mia moja thelathini na tisa. Nikarudia. Mia moja na arobaini.

Angekuwa dereva, ningempeleka kwa daktari jioni ile ile. Lakini ulikuwa wewe. Nikaona sura yako ukiwa na miaka sita, unatumwa maji. Nikasema moyoni, huyu mawazo yake yako nje dirishani, kama kawaida. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni: "Hakutazama. Tabia yake." Nikakutoa kwenye orodha, nikamweka mpishi wa hospitali mahali pako, nikakununulia soda.

Hilo lilikuwa kosa. Mtu hukosea. Tabia haikai jicho moja, na mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeniambia hivyo, lakini nilidhani nakujua, na kujua kwangu ndiko kulikonifumba. Sikuandikii kwa ajili ya kosa hilo.

Oktoba alikuja daktari mgeni kutufundisha. Alibandika ukutani karatasi ya mgonjwa mmoja: jicho moja sawa, jingine limechelewa, wimbi zuri la kupendeza, ila limechelewa. Akasema, "Mkiona hivi kwa kijana, hata kama hana malalamiko, msimwache aende. Neva yake imechunika." Akauliza, "Mmewahi kuona moja hapa?" Walikuwepo watu tisa. Nikatazama kiatu changu. Jioni nikafungua droo, nikaziweka karatasi mbili sambamba. Ungezipishanisha, mdogo wangu, ungedhani ni mtu mmoja.

Tangu siku hiyo nilijua.

Siku chache baadaye ulinipitia kazini ukaniambia ulikuwa na ukungu kwenye jicho la kulia, lakini umeondoka. Nikaushika huo kama mtu anavyoshika kamba. Nikajiambia kumbe lilikuwa jambo la kupita. Nikajiambia nikisema, watauliza karatasi ilikuwa wapi miezi miwili, na nani aliandika yale maneno pembeni, na mkuu wa chumba gani huyu anayesoma ubongo kwa umbea wa kwao. Niliyapanga maneno hayo kila asubuhi kama nywele.

Kisha ikaja Novemba na kikao. Baba alikaa kiti cha mbao, mjomba mlangoni, wewe umesimama umeshika ukuta, na kila mtu akaona unavyoshika ukuta. Baba akanigeukia. Unakumbuka? Alisema, "Wewe mwenzetu unafanya kazi ya vichwa vya watu. Una la kusema juu ya kichwa cha huyu?"

Nikasema, "Sina, baba."

Ulinitazama mara moja tu, ukaenda kuchukua begi.

Na ugonjwa ulipojulikana, baada ya miaka tisa, nilikuja wodini nikalia juu ya shuka yako. Wewe, mgonjwa, ndiye uliyenifuta machozi. Ulisema, "Usilie dada, hukujua." Nikakuacha useme hivyo. Pengine hicho ndicho kibaya kuliko vyote.

Nilikubeba mgongoni kabla hujaota meno. Sikuombi unisamehe kwa sababu nakufa; huko ni kumshika mtu shati. Nataka ujue tu. Fomu iko hapa juu ya blanketi. Nikijaza swali la kwanza kwa ukweli, mtafiti atajua, na wanao watajua. Niambie kama nijaze.

Dada yako

17 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumatatu. Wifi yako alinisomea ukurasa wa kwanza, halafu nikamwomba atoke nisome mwenyewe. Nimeisoma tena na tena siku mbili, naye akaniletea chakula na kuondoka, Mungu ambariki. Sasa najibu.

Sikiliza. Umejitesa bure. Siku ile kweli sikutazama. Nilikuwa nimelala vibaya, chumba chenu kilikuwa giza na baridi nzuri, na ulipolifunika la kushoto nililiacha la kulia lijifunge. Nilisinzia, dada. Uliandika sawasawa. Mimi ni Baadaye, nani asiyejua.

Kwa hiyo jaza "sikumbuki" hapo kwenye tarehe, au ruka kabisa. Mtafiti ana watu wengine sitini. Na kile kikao, hata ungesema, baba alikuwa ameshaamua, unamjua.

Pumzika. Binti anakuja kukuona wiki ijayo na embroida, kitambaa alichodarizi mama yake. Umpokee vizuri kama shangazi yake, usimpime kichwa.

Mdogo wako anayekupenda

25 Juni

Mdogo wangu,

Binti amefika, mzuri, mrefu, ana vidole vyako. Amenisuka nywele na kunichekesha mpaka mpwa wako akaja kutugombeza kwa ajili ya moyo. Embroida iko ukutani ninapoamkia.

Sasa nikuambie kitu cha kazini. Jicho lililofungwa haliandiki wimbi lililochelewa. Haliandiki kitu, mstari unakuwa kama kamba ya nguo isiyo na nguo. Mtu anayesinzia anaandika vilima vidogo vya ovyo, huwezi kuvirudia mara mbili vikatoka sawa. Lako lilitoka mara mbili, mia thelathini na tisa na mia na arobaini, limesimama wima, zuri. Wimbi lile ni la mtu aliyetazama kwa nguvu zake zote.

Umenidanganya ili nife vizuri. Nimeushika upendo wako, nimeuweka chini ya shali. Uongo nakurudishia. Ulisema unataka fomu ya mtu asiyedanganya, na mimi nimeshachelewa sana kuwa huyo mtu, usinicheleweshe zaidi.

Kilitokea nini siku ile? Na ukiwa na hasira, ilete pia. Nafasi ipo.

Dada yako

4 Julai

Dada,

Shikamoo. Mtafiti amekubali fomu ichelewe wiki mbili. Nimemwambia iko njiani, na kwamba kwetu vitu huchelewa lakini hufika.

Nina hasira. Nilitaka kukufichia, nimeshindwa. Siyo ya karatasi. Ni ya lile neno moja, "sina". Nimelisikia miaka thelathini na nne nikidhani maana yake ni kwamba hata dada yangu aliyesoma ameniangalia ndani ya kichwa na hakukuta cha kunitetea. Nikaishi hivyo. Nilipooa nilimwambia wifi yako, mimi ni mtu mzembe, uwe tayari. Ningeweza kutomwambia.

Na baba. Basi, hiyo nimeiandika nikaifuta mara tatu. Nimeilia, imetosha.

Kilichotokea ni hiki. Uliniambia, "Tazama kitone chekundu cha katikati, usikiache." Kwa jicho la kushoto nilikiona, chekundu. Ulipolifunika nikabaki na la kulia, kitone kilikuwa kahawia. Nikadhani umekibadilisha. Kisha nikadhani nimekosea mimi, kama nilivyokuwa nakosea kila kitu mwaka ule. Niliona haya kukuambia. Ulikuwa na koti jeupe, mkuu wa chumba, na watu wa kwetu wote walikuwa wanajivunia. Sikutaka mtu wako wa kumi na tisa awe yule asiyejua rangi. Kwa hiyo nikakazana. Nilikitazama kile kitone mpaka machozi yakanitiririka kwenye shati, na ulipowasha taa nikajifuta haraka usione.

Ningesema neno moja, "kahawia", ungejua siku ile ile. Mimi sikusema kwa haya, wewe hukusema kwa haya. Sisi ni ndugu kweli.

Nilitazama, dada. Uliniambia nitazame, nikatazama.

Jaza.

Mdogo wako

13 Julai

Mdogo wangu,

Anaandika mpwa wako, maneno ni yangu. Barua yako amenisomea sikioni, mara mbili, kwa sauti kubwa hata mtaa mzima sasa unazijua habari zetu. Hakuna neno.

Fomu imejazwa na leo inakuja kwako pamoja na karatasi. Swali la kwanza: tarehe kumi na moja Agosti, na mwaka wake, na chanzo cha habari nimeandika "kipimo, si kumbukumbu". Pale panapouliza kama ulikuwa mtu wa kujali: kabla ya ugonjwa, nimeandika sana. Sasa, sana. Panapouliza kama hufanya mambo kwa wakati: kabla, mara chache, sasa, mara chache. Hilo ni lako tangu miaka sita, usimsingizie Mchunaji. Lakini kahawia haikuwa tabia, wala ule ukuta ulioushika. Aliyetolewa nyumbani siku ile alikuwa mgonjwa, na aliyepaswa kusema alikuwa mzima. Nimeyaandika hayo nyuma ya ukurasa kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi.

Mpwa wako amesikia yote. Ameweka kalamu chini kidogo, ameniangalia, ameichukua tena. Anasema atakuja kwako mwenyewe, baada yangu.

Jambo la mwisho nimelifanya kwa mkono wangu, amenishikia ubao tu. Chumbani kwetu hatukuruhusiwa kufuta kilichoandikwa. Ukikosea, unapiga mstari mmoja tu juu ya kosa, ili lisomeke na kila atakayekuja baadaye aone ulikosea nini. Kisha unaandika lililo sahihi, unatia tarehe na jina.

Utaona kwenye karatasi ya mtu wa kumi na tisa, pembeni. Mstari umepinda. "Hakutazama. Tabia yake." bado yanasomeka. Juu yake nimeandika: "Alitazama." Nikatia tarehe ya leo, na jina langu lote.